Munganga wa Wale wa Chumvi

Kindu ya siku zile, kila aliyevaa koti jeupe aliitwa munganga, awe daktari aliyesomea Kinshasa au mfagiaji aliyeazima koti la mwenzake. Yeye alikuwa muuguzi, basi. Lakini ukimwita muuguzi hakugeuka. Ukimwita Munganga aligeuka polepole, kichwa kwanza, tumbo baadaye. Na ukimwita Munganga Mukubwa, alikuja na kiti chake mwenyewe akaketi kwako mpaka chakula kiive.

Siandiki haya ili kumpamba. Alikuwa mtu wa kelele na majivuno, na kwa kula hakuwa na mpinzani. Lakini tangu nilipoondoka Kindu sijapata mtu wa kukaa pale alipokuwa anakaa yeye, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kumkumbuka. Siku nyingine ninamkumbuka kuliko ninavyomkumbuka marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Mume wangu niliishi naye, ninajua alivyokuwa. Kwa Munganga nilikuwa na swali, nikalibeba miaka na miaka bila kuliuliza: siku ile ya mwisho, mume wangu alitaka kufa?

Nitafika huko. Nianze na koti, maana ndilo watu waliloliona kwanza.

Koti lile lilikuwa na madoa ya mawese kifuani, mapya juu ya ya zamani. Daktari, ambaye alipita kwenye chumba cha wagonjwa kama mtu anayewahi gari moshi, alimgombeza kila mara kwa ajili ya madoa hayo. Munganga alimsikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma. Daktari akishatoka, alituambia sisi tuliokuwa tunauguza: "Wagonjwa wanapenda kuona nimekula. Munganga wa njaa anaogopesha watu."

Chumba chake kilikuwa cha watu wa mafigo. Waliletwa wakiwa wamevimba uso asubuhi na miguu jioni, wengine kwa mtumbwi, wengine kwa treni, na walikuwa wachache waliorudi kwao wakiwa wepesi. Mashine ya kusafisha damu tuliisikia tu, kama tulivyosikia habari za theluji. Vidonge vilikuwapo wiki moja na kukosekana wiki mbili. Daktari alisema maneno yake mawili ya Kifaransa, akaandika kwamba mgonjwa asile chumvi na anywe maji kidogo, akaenda. Aliyebaki ni Munganga, na hakuwa na kitu mkononi. Nilimsikia akimwambia mama mmoja aliyekuwa akilia mlangoni: "Figo njo imekufa, mama. Muntu bado. Sasa tutunze muntu."

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za treni, na tulikaa kampi ya reli pamoja na Wakasai wenzetu. Wanaume wa kampi walikuwa na desturi yao: jioni wanakaa barazani kwa mmoja wao na kula katika sahani moja kubwa, mikono mitano au sita, na humo ndimo habari zote za kazi na za mji zilimochanganyiwa. Mume wangu alipougua mafigo akarudi kutoka hospitali na amri ya kutokula chumvi, nilianza kupika vyungu viwili. Chungu chao kilikwenda barazani. Chake kidogo kilikwenda ndani. Mtu akawa anakula peke yake chumbani huku akisikia vicheko vya wenzake nyuma ya pazia. "Ninakula kama mutu wa kifungo," aliniambia. Wiki chache baadaye akasema: "Pika chungu kimoja tu. Mimi usinihesabu."

Akaacha kunyoa. Akaacha kujibu. Watoto wakimwamkia alikuwa akitazama ukuta. Mimi sikujua ugonjwa wa namna hiyo unaitwaje, ila nilianza kuondoa wembe dirishani bila kumwambia mtu, na kila niliporudi kutoka sokoni nilimwita jina lake nikiwa bado barabarani, nisikie kama ataitika.

Ndipo Munganga alipoingia kwetu. Hakuitwa. Hakusema pole, neno hilo alilichukia, alisema ni neno la kilio na mtu bado anapumua. Aliketi kitandani, akavuta sahani ya wali ya mume wangu ambayo ilikuwa haijaguswa, akala. Akatafuna, akanitazama, akatafuna tena.

"Mama Kapinga," alisema, "hii chakula iko mubaya kabisa. Unapika hivi kwa muntu unayependa?"

Nilikasirika. Mume wangu akageuza kichwa, nadhani kwa ajili ya kunitetea tu, akasema: "Ndiyo hiyo wanayoniacha nikule."

"Basi tutakula siye wawili," Munganga akasema, akaendelea mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kesho yake alirudi na ndimu na pilipili, akasimama jikoni kwangu akitoa amri kama shefu, mkuu wa kituo cha treni. Upishi wake haukuwa mzuri sana, wacha niseme ukweli. Lakini siku ile mume wangu alikula matonge matatu, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Kuna jambo lake moja ambalo nikilisimulia huku niliko watu hawaniamini. Wakati ule tulikuwa na salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi iliyoamriwa na chama kilichotawala, kulima njia na kuzibua mifereji. Hakuna aliyeipenda. Shefu wa mtaa, mtu wa chama, alipita mlango kwa mlango akiita majina, na aliyejificha alitozwa faini. Mume wangu alipougua, yule shefu kwa huruma yake akaanza kuruka mlango wetu. Aliita jirani wa kulia, akaita jirani wa kushoto, kwetu akapita kimya. Mimi nilishukuru. Munganga aliposikia, alivaa koti lake lenye madoa akaenda kwa shefu.

"Ule muntu wa reli umeisha kumuzika?" akamuuliza.

"Hapana, Munganga. Iko mugonjwa."

"Sasa juu ya nini haumuite? Muntu asiyeitwa ku salongo njo amekufa. Jumamosi umuite. Tena umutukane kidogo."

Jumamosi ikafika. Shefu alisimama mbele ya mlango wetu, akapaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia: "Sitwayeni Baba Kapinga!" Ndivyo tulivyoitwa sote, raia kwa Kifaransa, ubwana ulikuwa umepigwa marufuku. "Sitwayeni! Weye peke yako njo haujatoka! Unazani mapinduzi itakungojea?"

Ndani nikasikia kitanda kinalia. Mume wangu akatoka na miguu yake iliyovimba, bila viatu, akaninyang'anya ufagio mkononi. "Nani anapiga kelele ku mulango yangu? Niko! Niko hapa!" Akafagia hatua chache, akachoka, akaketi juu ya jiwe akimkaripia shefu kwa Kifaransa cha kazini. Majirani walitoka kutazama. Munganga alikuwa ng'ambo ya barabara akijifanya ananunua kuku. Jioni ile mume wangu aliomba wembe wake, nami nikamrudishia.

Jumapili zilikuwa za meza. Munganga alikuwa na parsele yake, kiwanja chenye nyumba, karibu na njia panda ya reli, na kila Jumapili aliwaita pale wagonjwa wake walioweza kutembea au kubebwa. Mtaa uliwaita "wale wa chumvi", kwa sababu hawakuila. Alikuwapo mchimba dhahabu kutoka mji wa Kama aliyedai ameona dhahabu kubwa kama kichwa cha mtoto na kuikanyaga bila kuijua. Alikuwapo mama mkulima wa mpunga wa Kibombo aliyekuwa na ulimi mkali kuliko pilipili ya Munganga. Alikuwapo mume wangu. Wengine walikuja na kutoweka, na siku mtu alipotoweka hawakunyamaza. Mmoja baada ya mwingine alisema alichokumbuka juu yake, kizuri na kibaya, halafu wakala. Sahani ilikuwa moja, kubwa, ya wali usio na chumvi, na sisi tuliowasindikiza tulikula humo humo. Amri ya Munganga ilikuwa hiyo: anayetaka chumvi aende kwake. Hata mkewe, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa kuolewa naye, alikula chakula kile kisicho na chumvi kila Jumapili ya maisha yake.

Hasira zake zilikuwa za moto wa makuti. Siku moja mama mzazi wa kijana mmoja alileta chumvi iliyofungwa katika jani, ile inayotengenezwa kijijini kwa kuchoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake. Kwa akili yake daktari alikuwa amekataza chumvi ya duka. Hii ilikuwa ya kwao, ya bibi zao, ingemdhuru nani? Alikuwa amesafiri nayo siku nzima. Munganga aliinusa, akaimwaga yote njiani mbele ya macho yake, akafoka kwamba hiyo kwa mtu wa mafigo ni mbaya kuliko ya duka. Yule mama hakulia. Aliketi tu chini akiokota jani. Munganga akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwisho akaja kuketi chini karibu naye, na tumbo lile, akamwomba msamaha, kisha akamwomba amfundishe namna majani hayo yanavyochomwa. Yule mama akamfundisha mpaka jua likageuka.

Na alikuwa mwongo. Sote tuliamini kwamba yeye mwenyewe ameapa kutokula chumvi mpaka mgonjwa wake wa mwisho apone. Alisema hivyo mbele ya watu, mkono kifuani. Jumapili moja yule mama wa Kibombo akamshika vidole, akavinusa, akapiga kelele: "Makayabu!" Makayabu ni wale samaki wakavu wanaozikwa katika chumvi, hakuna kitu chenye chumvi kupita hicho duniani. Ikajulikana kwamba alikuwa akila makayabu katika stoo ya dawa, mlango umefungwa kwa ndani.

Wale wa chumvi wakaunda baraza. Mchimba dhahabu akawa mwendesha mashtaka, mume wangu akawa hakimu. Kesi iliendeshwa kwa lugha ya mikutano ya chama, na sitwayeni nyingi, na msaliti wa taifa. Munganga alijitetea vibaya. Mume wangu akamhukumu kucheza, peke yake, zile ngoma ambazo vijana walichezeshwa uwanjani wageni wa serikali wakija. Akacheza. Tumbo lilikwenda huku, koti likaenda kule, akazunguka mpaka akaanguka juu ya kiti. Mume wangu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimekisahau, jinsi kilivyokuwa kinaanza na kikohozi. Ningetoa mengi nikisikie tena.

Jambo moja Munganga hakuliweza: kifo chenyewe. Yeye aliyekaa na watu katika mabaya yote, mtu akishakata roho alitoweka. Alimfumba macho, akamfunika, kisha akapita mlango wa nyuma, na hakuna aliyemwona mpaka kesho yake. Ndugu wa marehemu walimtafuta bure. Wengine walimchukia kwa hilo, na walikuwa na haki. Mkewe aliniambia kwamba siku kama hizo alifika nyumbani akasema ameshakula hospitali, akaketi akitazama kuku.

Mume wangu aliishi miaka minne tangu siku ile ya salongo, miaka ambayo daktari hakuwa amempa. Halafu mwili ukachoka, tukarudi kwenye chumba kile. Alasiri moja nilikwenda sokoni kutafuta ndimu. Niliporudi alikuwa amefunikwa. Munganga hakuwapo, kama desturi yake. Na juu ya meza ndogo, karibu na kichwa cha mume wangu, kilikuwapo kikombe kikubwa cha bati, kile cha lita nzima, kimekauka. Yeye aliyekuwa akipimiwa maji katika kibilauri.

Mama mkwe alikiona pamoja na mimi. Akakiinua, akakipindua, akamwonyesha shemeji yangu. Hapo ndipo neno lilipozaliwa. "Amejimaliza," mama mkwe alisema. "Amekunywa ili afe."

Mjane kwetu, akiwa kilioni, hasemi na mwanamume asiye wa ukoo. Baada ya maziko ukoo ulitupandisha treni, mimi na watoto, kwenda Mwene-Ditu, kwetu Kasai. Munganga alikuja kituoni. Nilimwona juu ya vichwa vya watu, koti lake, mkono wake ukipunga, mdomo wake ukisema jambo ambalo kelele za mashine zilimeza. Nilitazama chini kama ilivyonipasa.

Neno halikubaki Kindu. Lilipanda treni pamoja nasi. Walipokuja watu wa kumposa binti yangu Kapinga, shangazi mmoja alinong'ona, wakaomba muda wa kufikiri, wakafikiri mpaka leo. Kapinga alipata mwingine, mwema. Aliyelimeza neno lile ni mdogo wake, kijana wangu wa mwisho, ambaye baba yake alimwacha akiwa hajaanza shule. Alikua akilisikia. Alipokosa kazi, alipoachwa na msichana, alipoumwa jino tu, alikuwa akisema: "Mama, siye njo watu wa kujimaliza. Iko ndani ya damu." Kwanza alisema akicheka. Halafu akaacha kucheka, akaacha na kutoka nyumbani, na mimi nikajikuta ninaondoa wembe dirishani, kwa mara ya pili katika maisha yangu.

Nilimwacha kwa dada yake, nikapanda treni kurudi Kindu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya chama kile. Watu walikuwa wameanza kusema bwana tena, kwa sauti ya chini.

Nilimkuta Munganga parseleni kwake, ameketi kwenye kiti kile kile alichokuwa akikibeba majumbani mwa watu. Tumbo lilikuwa limekwisha. Mkewe alikuwa amefariki, masikio yalikuwa yamepungua. Nilidhani hatanijua. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema: "Mama wa wali mubaya." Nikashindwa kujizuia, nikamshika mikono, nikalia, na yeye aliyechukia mambo ya kilio miaka yote akaniacha nilie.

Nilimuuliza nikipiga kelele, kwa ajili ya masikio yake, na majirani walisikia, sikujali. "Munganga, baba yao alitaka kufa? Alikunywa ile maji ili afe?"

"Nani amesema vile?"

"Watu wote. Ukoo wote. Mutoto wangu anasema."

Aliinuka, akaketi. Nilimwona tena akikasirika, na hata hasira ile nilikuwa nimeitamani.

"Mimi njo nilimupa," akasema. "Mimi. Miguu yake ilikuwa imeisha kupoa, mama, niliona hawezi fika jioni. Akaniambia, Munganga, nina kiu. Hakusema anataka kufa. Alisema nina kiu. Nikasema leo utakunywa kama muntu. Nikajaza kile kikombe. Akakunywa nusu, polepole, akasema ni tamu. Nikamuambia, maliza. Akakataa. Akasema, hapana, ile ingine munichungie, nitakunywa kesho."

Nikamwambia kikombe kilikuwa kikavu. Nilikiona kwa macho yangu.

"Akaenda," Munganga akasema. "Nikamufunga macho. Nikaona ile maji inabaki pale. Ningeimwaga? Maji ya muntu ameweka ya kesho?" Alinitazama kama anayeniomba ruhusa. "Nikaikunywa mimi."

Nilikaa kwake siku mbili, nikampikia, akalalamika. Treni ya kurudi ilichelewa sana njiani. Nilipofika Mwene-Ditu kijana wangu alikuwa ameketi mlangoni kwa dada yake, na sikumpa hata nafasi ya kunipokea mzigo.

"Baba yako alibakiza maji ya kunywa kesho," nilimwambia. "Nusu kikombe. Alisema wamchungie."

Alinitazama bila kusimama.

"Mama," akasema, "sema tena."

Nikasema tena.